Ditekta ya Baba Mkwe

Shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Muscat alimletea baba yake ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini. Alijua mzee aliyemaliza utumishi wake karakana ya reli hapa Tanga hawezi kukaa barazani akahesabu bodaboda mpaka jua litue. Tangu astaafu, redio zote za mtaa alikwisha kuzifungua, na baiskeli za wajukuu alizikaza mpaka hazikuwa na nati ya kukazwa tena. Sanduku lilipofunguliwa alivaa miwani, akapanga vipande mkekani kimoja kimoja: ufito wa kukunja, sahani nyeusi ya mviringo, kisanduku chenye kioo kidogo cha namba, vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Akaviunga bila kutazama kitabu. Halafu akamwambia mkewe, "Bi Mkubwa, nipe pete."

Pete ikasukumwa chini ya mkeka. Sahani ilipopita juu yake mashine ikalia sauti nyembamba, na namba ikatokea kwenye kioo. Mama mkwe akashika kidevu. "Basi hata bangili yangu itaonekana."

Bangili hiyo ndiyo iliyotuingiza katika yote. Ni ya dhahabu, urithi kutoka kwa mama yake, na ilimvuka mkononi uani mwaka ule tunajenga jiko la nje. Kifusi kilikuwa kinasambazwa, mafundi wanapita na toroli, watu wamejaa. Alipogundua, udongo ulikwisha kushindiliwa. Hakuwahi kumshuku mtu. Alisema siku zote kwamba iko chini, na kwamba iko siku itatoka.

Kesho yake asubuhi Baba alianzia mlango wa jiko. Alifanya kazi ile kama alivyofundishwa kufanya kila kazi, kwa mpango: alikaza kamba kati ya vigingi viwili, akatembea taratibu, sahani ikienda kulia na kushoto karibu kabisa na ardhi bila kuigusa, kila mkupuo ukirudia sehemu ya mkupuo uliopita. Wajukuu walifuata nyuma na chepe. Mashine ililia, wakachimba. Kifuniko cha soda. Ikalia tena. Msumari. Kijiko kilichopinda, betri iliyooza, kipini cha kitasa, vifuniko vingine vya soda.

Hapo ndipo nilipoelewa inavyofanya kazi, kwa sababu Baba aliwaeleza watoto na mimi nikiwa nachambua mchicha. Sahani hutuma nguvu ya sumaku ardhini. Kitu chochote kinachopitisha umeme huijibu nguvu hiyo kwa nguvu yake ndogo, na mashine husikiliza jibu. Dhahabu haiioni. Inasikia jibu tu, na jibu la karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, au la kishikio cha kopo la soda, linafanana mno na jibu la pete ya dhahabu. Anayechagua kuruka takataka ataruka na dhahabu. "Kwa hiyo," Baba aliwaambia, "tutachimba vyote."

Walichimba vyote. Baada ya juma moja ua ulikuwa na mashimo kutoka jikoni hadi kwenye banda la kuku. Na siku ya Jumamosi, Mama ameanika makopa kwenye jamvi kwa ajili ya unga, Baba alipata sauti safi karibu na ukuta wa choo. Namba ilikuwa nzuri. Akapima kwa upande wa pili, namba ikabaki palepale. Mashine ilikuwa inapumbazwa: chuma kikubwa kikiwa karibu, sauti yake inaweza kuja safi kama ya kitu cha thamani. Pale palikuwa na bomba la zamani la chuma, lile lililokuwepo kabla hatujavuta la plastiki, na ambalo bado lilikuwa linalisha bomba la uani. Sululu ilishuka mara moja tu.

Maji yaliruka yakapita kimo cha ukuta. Makopa yakaelea. Mkaa ulikuwa kwenye gunia lililofunguliwa mdomo, nao ukatoka mto mweusi kuelekea chumba cha wageni. Mume wangu alikimbilia mita kufunga koki, ikawa imekamata kutu, akarudi kutafuta koleo, koleo likawa mfukoni mwa Baba, na Baba yuko shimoni amelizuia lile bomba kwa viganja viwili na kilemba cha mkewe. Jioni, fundi bomba alipokwisha kuondoka, Mama alitoa hukumu bila kupandisha sauti. "Mume wangu, ndani ya ua huu usichimbe tena mpaka ujue mabomba yote yamelala wapi." Baba akachukua daftari la mjukuu akachora ramani ya nyumba: maji, waya wa umeme wa kwenda jiko la nje, shimo la maji machafu. Ramani hiyo imebandikwa nyuma ya mlango mpaka leo, na imekwisha kutusaidia kwa mambo ambayo hayana uhusiano wowote na ditekta.

Habari ya maji yaliyoruka ilifika sokoni ikiwa imegeuka. Ilisemekana mzee wa reli amefukua mali ya Mjerumani. Anayekaa Tanga anajua uvumi huu. Kila mtaa una mti ambao chini yake Mjerumani alifukia sanduku. Walianza kuja watu tusiowajua, mmoja na karatasi yenye michoro, mwingine na sarafu nyeusi anayotaka ipimwe, mwingine saa nne usiku akitaka kukodi mashine kwa malipo ya nusu ya kitakachopatikana. Mama alimjibu huyo wa mwisho dirishani kwamba nyumba hii hulala mapema.

Baba hakuwacheka. Aliwakaribisha wale wa mchana, akawapa kahawa, akawaeleza anachokijua. Ni kweli Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Ilikuwa Tabora, mwaka 1916, vita vimewakatia njia ya bahari, na kazi hiyo ilifanyika katika karakana ya reli. Hapo sauti ya Baba hubadilika kidogo, maana mafundi wa karakana ni watu wake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa kama 16,000 hivi, na nyingi ziko mikononi mwa wakusanyaji duniani. Hakuna sanduku lililotajwa na mtu anayeaminika. Kisha huwaambia kuhusu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: vitu vya kale si vya aliyeviona kwanza, kuvichimbia kunahitaji kibali, na aliyekutana navyo anatakiwa kutoa taarifa.

Kisa anachokipenda kuliko vyote ni cha Uingereza. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, Suffolk, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aje na ditekta amsaidie kuitafuta. Lawes akaangukia hazina ya Kirumi: sarafu za dhahabu na fedha zipatazo 15,000, vijiko, mikufu. Alipoona ni nyingi aliacha kuchimba akatoa taarifa, na wataalamu wakaja kufukua kwa utaratibu, wakaona hata jinsi vitu vilivyokuwa vimepangwa ndani ya sanduku lililokwisha kuoza. Nyundo nayo ilipatikana, ikaingia British Museum. Huku kwetu, mwaka 1984, watafiti wa mambo ya kale walipata Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, na kwa sababu zilifukuliwa na watu wanaoandika kila tabaka la udongo, leo tunajua kwamba watu wa pwani walikuwa na fedha yao wenyewe yapata miaka elfu iliyopita. Mtu angezizoa usiku kwa beleshi akaziuza kwa uzito, tungejua nini?

Kwa kuwa ua ulifungwa, Baba alihamia ufukweni Raskazone, yeye na mwanangu wa kati. Huko mambo ni mengine. Mchanga uliolowa maji ya chumvi nao hupitisha umeme, na mashine za kawaida hupayuka ovyo zikiukaribia. Baba alilazimika kuipunguza ukali na kukaa juu, kwenye mchanga mkavu, ambako watu hukaa, huvua saa na kudondosha chenji. Alipata shilingi nyingi, ufunguo wa pikipiki, na pete ya ndoa ya jirani yetu wa mtaa wa pili, ambaye alilia alipoipokea.

Lakini siku ya bamvua, maji yamekupwa mpaka miamba ya mbali ikawa wazi, walishawishika wakatoka nje hadi kwenye fungu la mchanga. Vichwa vyao viko chini, masikio yamezibwa na vipokea sauti. Bahari haikuja kutoka mbele walikokuwa wanaitazama. Maji yanapoanza kujaa hutangulia kupita kwenye mfereji ulio chini zaidi, na mfereji huo ulikuwa nyuma yao, kati ya fungu na ufuko. Mvuvi mmoja alipiga mluzi akapunga kanzu. Walivuka maji yakiwa kifuani mwa mtoto, Baba amemshika mkono, ditekta iko kichwani. Bamvua ya hapa kwetu hupanda zaidi ya mita tatu, na huchukua kama saa sita tu kutoka kupwa hadi kujaa. Tangu siku ile haendi bila kuuliza nyakati za maji kwa wavuvi, anarudi kabla maji hayajageuka, sikio moja analiacha wazi, na anamwambia Mama anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

Nimeyaandika yote haya kwa ajili ya siku moja iliyofuata.

Rafiki yake Baba alikuwa na kiwanja ambacho bikoni zake zilimezwa na nyasi, akaomba msaada wa kutafuta zile pini za chuma. Pini mbili zilipatikana upesi. Kwenye kona ya tatu mashine ililia sauti nzito, pana. Mwanangu alifyeka nyasi, akachimba kidogo kwa mkono, akaona kitu cha kutu kilichochongoka upande mmoja. Akainua jembe ili akinyanyue. Baba aliona mshipi wa shaba umekizunguka karibu na kitako. Bomba halina mshipi wa shaba; kombora linao.

"Weka jembe chini," alisema. "Polepole. Sasa rudi kwa nyayo zako."

Walirudi nyuma kwa njia ileile waliyojia. Alifunga kitambaa mtini mbali na pale, akasimama barabarani kuzuia watu, akapiga 112. Polisi walizungushia utepe, wakaja wataalamu wa jeshi wakakichukua. Hawakutuambia kilikuwa cha nani, nasi hatukuwa na haja ya kujua zaidi ya kwamba kilikuwa kizima. Mji huu ulipiganiwa na Waingereza na Wajerumani Novemba 1914. Manowari ya Kiingereza, HMS Fox, ilitupa makombora mjini, na Waingereza walipoondoka waliacha ufukweni bunduki, mizinga ya rashasha na risasi laki kadhaa. Chuma hakisahau haraka, na baruti iliyozeeka inaweza kuwa na hasira zaidi kuliko mpya.

Usiku ule nilimuuliza mwanangu swali ambalo sijui lilitoka wapi: kuna vitu vingine vya namna ile? Akanipeleka nyuma ya banda la kuku. Yeye na wenzake wa mtaa walikuwa na rundo la skrepa walilolikusanya wakifuata nyuma ya babu yao, wanauza kwa kilo. Chini ya rundo, ndani ya kopo la maziwa, mlikuwa na risasi za zamani zilizooza rangi ya kijani. Moja ilikuwa na alama za nyundo. Walikuwa wanataka kutoa shaba. Magoti yalinilegea, nikakaa palepale chini.

Tuliwaita polisi tena. Watoto walilala chumbani kwa bibi yao, na kopo halikuguswa.

Hofu yangu haikuwa bure. Tarehe 8 Novemba 2017, katika shule moja ya msingi wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la kurushwa kwa mkono lililipuka asubuhi watoto wakiwa shuleni. Mwanafunzi alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Watoto watano walifariki na makumi wakajeruhiwa. Hakuhitaji ditekta. Alihitaji bei ya kilo na macho makali tu.

Baba bado anatoka na mashine yake, na mimi ndiye ninayemfungia chupa ya maji na mhogo. Amevaa buti na glavu, hatii mkono kwenye shimo asiloliona chini kwa kuwa nyoka nao wanapenda mashimo, na kila shimo alilochimba hulifukia. Wajukuu huenda naye baada ya kurudia mbele ya bibi yao maneno yale: simama, usiguse, rudi kwa nyayo zako, mwite mtu mzima. Bangili haijapatikana.

Ninachoomba ni kwenu mnaonunua chuma chakavu, kwa sababu nyinyi mnakutana na watoto wanaookota skrepa mara nyingi kuliko walimu wao. Msipokee skrepa kutoka mkononi mwa mtoto. Mkiona ganda la risasi, mshipi wa shaba, au kitu kilichochongoka kwenye mfuko wake, msimfukuze akaenda nacho. Mwambieni asikiguse tena, msogezeni mbali, na mpige 112.