Elimu Adhimu ya Kufunga Tiketi

Mmesomewa wasifu wangu, nami nashukuru, ingawa msomaji ameruka kurasa mbili. Kwa ufupi, mimi ndiye Bingwa wa Ripoti za Hitilafu katika programu za kusimamia kanzidata. Cheo hicho nilitunukiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake nilikuwa mimi, bila kupingwa, kwa kuwa hapakuwa na mjumbe mwingine.

Msingi ni huu: programu haina hitilafu, mtumiaji ndiye anayo. Programu tumeiandika sisi, tumeijaribu sisi, kwenye jedwali lenye rekodi tatu, tukaridhika. Huyu mwingine katokea wapi na rekodi zake laki sita?

Chukueni kisa cha afisa mifugo mmoja. Aliniandikia kwamba kwenye programu yetu mbuzi anaingia, kondoo anaingia, hata punda anaingia, lakini ng'ombe anakataliwa. Kila akihifadhi, kosa la sintaksia. Asiye na elimu angekimbilia kuchunguza. Angegundua kwamba kwenye SQL kile kialama kabla ya "ombe" ndicho kinachofunga maandishi, kwa hiyo kanzidata inasoma "ng", inadhani neno limekwisha, kisha inakumbana na "ombe" na haijui hiyo ni amri gani. Angekirudia kialama mara mbili, au, bora zaidi, angepitisha thamani kama parameta badala ya kuungaunga maandishi, na kwa kazi hiyohiyo angeziba tundu wanalopitia wadukuzi kuchomeka amri zao. Mimi nilimjibu kwa sentensi moja: afuge mbuzi.

Halafu wako wanaolia kwamba data imepotea. Mhasibu anajua fika jedwali lake lina ankara 40,000. Analifungua kwenye MySQL Workbench, anaziona 1,000, anashika kichwa. Sisi wataalamu tunajua kwamba Workbench, usipoibadilisha, huweka kikomo cha rekodi 1,000, na kwamba kikomo hicho kinabadilishwa palepale juu ya dirisha la kuandikia amri. Msimwambie! Muulizeni kwanza toleo la programu. Akileta, ulizeni toleo la mfumo endeshi. Akileta na hilo, mwambieni asasishe, azime, awashe, ajaribu tena. Akituma picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, imelala upande na kidole chake kimo, mwambieni haisomeki, hata kama inasomeka. Wengi huchoka njiani, na tiketi, yaani ripoti iliyofunguliwa kwetu, ikikaa kimya tumeitegea mtambo wa kuifunga wenyewe.

Mwingine anatumia DB Browser for SQLite. Anasema amehariri, mabadiliko anayaona kwa macho yake, ila programu ya dukani haiyaoni, na ikitaka kuandika inaambiwa kanzidata imefungwa. Hajabonyeza kitufe cha kuandika mabadiliko, basi. Jibu fupi hivyo linaishushia hadhi taaluma. Mpeni mwongozo mzima asome.

Wanaonishutumu uzembe wasome historia. Ripoti namba 199 ya MySQL iliandikwa mwaka 2003. Ilieleza kwamba InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, iliiweka hesabu ya namba zinazojiongeza kwenye kumbukumbu ya muda tu. Seva ikizimwa na kuwashwa, hesabu inaendelea kutoka namba kubwa zaidi iliyobaki jedwalini. Kwa hiyo ukifuta ankara ya mwisho kisha umeme ukakatika, namba yake anapewa mteja mwingine, na mkaguzi akija mtaelezana naye. Marekebisho yalikuja na toleo la 8.0, mwaka 2018. Miaka 15! Mtoto aliyezaliwa ripoti ikiandikwa alikuwa ameshaingia sekondari. Wanyonge wa roho watasema ilibidi kubadili mahali hesabu ile inapotunzwa, ndani kabisa ya injini. Mimi naona utulivu wa wakubwa, nami nauiga hata pale panapotakiwa kusahihisha herufi moja kwenye kitufe.

Sasa nifikie kilele. Muuguzi wa zahanati aliripoti kwamba programu iligoma saa nne asubuhi. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikaenda moja kwa moja 04:00. Shwari! Nikamjibu, "Kwangu inafanya kazi," nikafunga tiketi. Akaandika tena, nikafunga tena. Uvumilivu wangu katika kufunga hauna kifani nchini.

Naam, binti wa kule nyuma? Unasema saa nne asubuhi ni 10:00, na kama seva inatunza saa za UTC basi nilipaswa kutazama 07:00. Mwanangu, kwanza hujataja toleo lako. Pili, swali halikuja kwa fomu. Tatu, muuguzi mwenyewe hajalalamika tena tangu alipohamia kwenye daftari. Nimekuweka katika kundi la "inasubiri taarifa zaidi". Ndugu wa mitambo, mzimie kipaza sauti.