Barua ya Wazi: Naomba Kuhamishiwa Daftari la Mitambo

Mkurugenzi wa Rasilimali Watu na Utawala,
Kampuni ya Ujenzi (jina nimelisitiri),
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KUTOKA DAFTARI LA WATUMISHI KWENDA DAFTARI LA MITAMBO

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakushukuru kwa semina ya ustawi uliyotuandalia wahandisi wanawake, Jumamosi, pale hotelini. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi, chapati zilikuwa laini, na mtoa mada alikuwa mchangamfu. Alitufundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Alituasa tujipende, tujipangie muda, tujifunze kusema hapana. Akatugawia daftari la rangi ya waridi la kuandikia kila siku mambo tunayoyashukuru. La kwanza nililoliandika ni kwamba Jumamosi hiyo haikukatwa kwenye likizo yangu ya mwaka.

Usiku uleule, saa nne na nusu, ujumbe wako ukaingia kwenye grupu la WhatsApp: ripoti ya maendeleo ya wiki inatakiwa kabla ya saa 12 asubuhi, asanteni kwa moyo wa kujituma. Nikavuta pumzi kwa pua. Nikataka kusema hapana. Nikaandika ripoti. Tangu hapo nimejitafakari sana, na nimefikia uamuzi kwamba sitaki tena kuwa rasilimali watu. Naomba niwe mtambo.

Usidhani natania. Pale saiti tuna ekskaveta moja ya njano ambayo vijana wanaiita Bibi Harusi kwa jinsi inavyotunzwa. Ndani ya kibanda cha opereta ina mita ya saa za kazi, na mita hiyo haioni aibu kusema imechoka. Ikitimiza saa 250, kazi inasimama. Fundi anakuja, anamwaga oili iliyochakaa, anaweka mpya, anabadilisha filta, anapiga grisi kwenye viungo vyote, kisha anasaini kitabu. Sijamwona mtu akiisogelea na kuiomba ivumilie kidogo kwa sababu mradi uko nyuma. Hakuna aliyewahi kuihoji kama kweli ina mapenzi na kazi. Ilipoanza kutoa moshi mweusi haikupelekwa semina, ililetewa spea.

Mimi sina mita. Kwa wiki ya kisheria ya saa 45, saa 250 zingetimia ndani ya wiki ya sita. Kwa wiki zetu za kumwaga zege zinatimia kabla ya mshahara kuingia. Na zikitimia, hakuna anayekuja na grisi.

Najua utanijibu kwamba kampuni inaifuata sheria. Ni kweli inaifuata, ila haijawahi kuifikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Nilipokuja ofisini kwako kuomba fomu ya saa za ziada, nilipewa barua ya pongezi: kuanzia siku hiyo mimi ni Kaimu Meneja wa Saiti. Nilifurahi, mpaka niliposoma sheria ileile na kukuta kwamba vifungu vya saa za kazi havimhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mpeni hongera mwanasheria wenu. Mshahara umebaki wa mhandisi, lawama zimekuwa za meneja, na huo ukaimu umekaa muda mrefu kiasi kwamba mlinzi wa getini anadhani Kaimu ni jina la babu yangu.

Mtambo hauhitaji choo, na hapo ndipo ninapouonea wivu zaidi. Choo cha saiti ni kimoja, mlango wa bati, komeo lilishang'oka. Wanaume wana ukuta mzima nyuma ya stoo ya saruji. Mimi, mama lishe na binti wa maabara tunakwenda kwa zamu, mmoja ndani, mwingine nje kaushikilia mlango huku akijifanya anaangalia mawingu. Dawa niliyoigundua ni kutokunywa maji tangu asubuhi hadi jioni, juani, na malipo yake nayachukua zahanati kwa jina la UTI. Bibi Harusi akipungukiwa maji kwenye rejeta, opereta anazima injini papo hapo. Anajua ikifa ataulizwa.

Buti za usalama zilikuja kuanzia namba 41. Mimi navaa 38, kwa hiyo napanda jukwaa la nguzo nikiwa na soksi juu ya soksi na dua juu ya dua. Mkanda wa kujifunga nikiwa juu umeshonwa kwa kifua cha mwanamume wa futi sita. Ukinidaka siku moja, utadaka hewa. Afisa usalama ameandika kwenye ripoti kwamba vifaa vya kujikinga vimetolewa kwa asilimia 100. Jino la bakuli la Bibi Harusi lilipokatika, liliagizwa la namba ileile, likaja kwa ndege.

Sasa niseme la maziwa. Nilirudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84, kama sheria inavyotaka. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ila mtoto yuko Mbagala na mimi niko saiti, na kati yetu kuna foleni ambayo haijasoma sheria yoyote. Ikabidi nikamue. Chumba pekee chenye kufuli, pazia na kiyoyozi ni stoo ya vifaa vya upimaji. Humo hukaa kile kifaa cha sevea, ndani ya sanduku lenye sponji, kisipigwe na jua, kisiingie vumbi, na anayekigusa bila ruhusa anaandikiwa barua. Sevea, Mungu ambariki, aliniachia ufunguo. Basi kila saa saba mchana nilikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, katikati ya miguu ya vifaa na vibao vya kupimia, nikikamua maziwa, na nje foromeni anagonga mlango: "Injinia, zege limefika!"

Chupa ya maziwa nilikuwa naiweka kwenye friji ya ofisi, nyuma ya soda za wageni. Siku moja mgeni kutoka makao makuu aliyatia kwenye chai. Akaisifu. Sikusema kitu, ndiyo mara pekee makao makuu kuonja jasho langu na kuridhika.

Jirani zetu Kenya, Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Sisi chumba tunacho, ila kina mpangaji wa miguu mitatu.

Nakushukuru pia kwa picha. Kila tarehe 23 Juni, Siku ya Kimataifa ya Wanawake katika Uhandisi, sura yangu inatoka kwenye mabango ya kampuni. Nimevaa kofia nyeupe mpya, iliyorudishwa stoo mara tu mpiga picha alipoondoka, na nimekunjua mchoro wa maji taka nikiutazama kwa tabasamu. Nimefanya kazi na wahandisi wengi. Sijamwona anayeutazama mchoro wa maji taka kwa tabasamu lile. Tarehe 8 Machi tunavaa sare ya kitenge, na bei yake inakatwa kwenye mshahara wa Machi. Jukwaani mnatutajia Mhandisi Zena Ahmed Said, aliyeteuliwa kuwa Katibu Mkuu Kiongozi wa Zanzibar mwaka 2021, na Mhandisi Stella Manyanya, aliyewahi kuwa naibu waziri. "Mbona wao wameweza?" Wameweza, na tunawavulia kofia. Lakini wengi wetu hatuombi kuwa mawaziri. Tunaomba kwenda chooni.

Wapo watakaosema nataka upendeleo wa kike. Wamuulize foromeni wetu. Mwanawe wa mwisho alizaliwa wiki tuliyokuwa tunamwaga zege la nguzo, akamwona kwenye simu, akatabasamu, akarudi kwenye vaibreta. Sheria ilimpa siku 3 za likizo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya baba hupewa wiki mbili. Siku hizo 3 hakuzichukua, na hakuitwa semina yoyote ya ustawi, maana inaaminika mwanamume hana nyumbani kunakohitaji kuwekwa kwenye mizani na kazi. Ninyi mnatuita wanawake peke yetu, mnatufunga kwenye ukumbi, mnatutibu. Anayeumwa ni ratiba ya mradi, na hajawahi kualikwa.

Ndugu Mkurugenzi, tuzungumze kama watu waliosoma hesabu. Wiki ya saa 70 haipungui ikawa ya saa 45 kwa kuvuta pumzi. Lipo zege linalotaka usiku kwa haki yake: jua la Dar hulikausha zege kabla halijatulia, na foleni ya mchana hulichelewesha njiani. Usiku wa namna hiyo niite, nitakuja. Lakini usiku wetu mwingi haukuletwa na jua. Uliletwa na nondo zilizochelewa kulipiwa, na michoro iliyolala mezani ikisubiri saini, na zabuni tuliyoishinda kwa kuahidi miezi ambayo kila aliyekuwa kwenye kikao alijua haitoshi. Pengo la mipango tunaliziba kwa usingizi wa watu, kwa sababu usingizi hauna risiti. Ungekuwa unaletewa ankara, mhasibu angekwisha kuukataa.

Mwenzangu wa mradi mwingine alipangiwa zege la usiku akiwa mwezi wa nane wa ujauzito. Sheria inakataza mjamzito kupewa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi katika miezi miwili ya mwisho. Alipowakumbusha, aliambiwa asiwe na wasiwasi, ataletewa kiti.

Leo yule dada yuko benki, anakagua mikopo ya nyumba. Alisoma chuo kikuu miaka minne, akafanya mafunzo kwa vitendo ya miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mpango ambao Norway iliwahi kuuchangia fedha ili wanawake wengi zaidi wasajiliwe. Aliapa kiapo cha wahandisi mbele ya watu. Kisha, alipokuwa ameiva kabisa, akaondoka, bila kelele, kama wanavyoondoka wengi. Kwenye fomu yake ya kuacha kazi imeandikwa "sababu za kifamilia". Familia haijawahi kumpangia mtu zege la usiku.

Kwa hayo yote, naomba uhamisho wangu uridhiwe kwa masharti yafuatayo, ambayo Bibi Harusi anayapata bila kuandika barua:

1. Nifungwe mita ya saa, isomwe kila Ijumaa mbele ya mhasibu.

2. Kila baada ya saa 250 nifanyiwe sevisi, yaani mapumziko yasiyo na simu. Atakayenipigia ajaze sababu kwenye kitabu cha mitambo na kusaini, kama anavyofanya anayeazima jenereta.

3. Mtambo unaofanya kazi usiku na mchana huwa na waendeshaji wa kupokezana. Zege la usiku nalo liwe na mhandisi wake, na aliyelimwaga asionekane saiti asubuhi yake.

4. Choo chenye komeo, maji na pipa la taka. Mkisema bajeti hakuna, komeo nitanunua mimi.

5. Buti namba 38, na mkanda unaojua kwamba nina kifua.

6. Mimi na kifaa cha sevea tugawane chumba kwa barua rasmi, kila mmoja na saa zake. Kifaa hakina pingamizi, nimekiuliza.

7. Hakuna zabuni itakayopelekwa kabla muda wa mradi haujapitiwa na mtu aliyewahi kulala saiti. Foromeni awemo, na siku zake 3 arudishiwe.

Gharama za haya yote nimezipigia hesabu. Ni ndogo kuliko bei ya ukumbi wa semina, bila kuhesabu chapati.

Endapo ombi hili litakataliwa kwa hoja kwamba mimi si mtambo bali ni binadamu, nitashukuru nikiipata hoja hiyo kwa maandishi, yenye saini na muhuri wa kampuni. Nitaiambatisha kwenye fomu ya saa za ziada.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Kaimu Meneja wa Saiti

Nakala:
Mkuu wa Idara ya Mitambo: aandae nafasi kwenye kivuli.
Mhasibu Mkuu: aandae ankara ya usingizi.
Afisa Usalama: aje apande jukwaa na buti zangu.
Mgeni aliyeisifu chai: kwa taarifa tu.