Mjomba Akagua Nchi za Watu

Kwa Kukhu, Baba, Mama, na nyote mnaokaa hapo steji ya Mayoni mkingoja habari,

Tuko Kigali, na Mjomba ameniamuru niwaambie kwamba hapa ni ughaibuni. Nilipomkumbusha kuwa tumefika kwa kitambulisho kile kile anachoonyesha akitoa pesa za M-Pesa hapo sokoni, alikasirika. Mtu aliyevuka mipaka miwili, asema, yuko ng'ambo, na akirudi huchinjiwa.

Mnajua safari hii ilikuwa yangu. Nilitaka kwenda Dar es Salaam kwa barabara, begi moja mgongoni, nilale panapolalika. Ni nyinyi mliosema kijana hapiti nchi za watu peke yake, mkanipa Mjomba. Basi begi langu liko mgongoni. La Mjomba pia liko mgongoni, mgongo huo huo, maana mpwa gani ataacha mjomba wake abebe mzigo? Ndani yake mna njugu za kutosha kulisha matanga, redio, na koti jeusi iwapo tutakuta msiba njiani.

Mpakani Malaba tulipita upesi kuliko malori yaliyopanga foleni. Shida ilianza Kakira, kabla hatujafika Jinja. Miwa! Miwa pande zote, na matrekta yanavuta matela yaliyojaa pomoni. Mjomba, ambaye mnakumbuka alivyosafirisha miwa kwenda Mumias enzi zile, alinyamaza ghafla nikadhani anaugua. Kisha akamwamsha mzee aliyeketi kando yake amwulize kiwanda ni cha nani. Cha akina Madhvani, akaambiwa, tangu 1930. Na mbele huko Lugazi kuna kingine cha akina Mehta, cha 1924. Mjomba akauliza, kwani Amin hakuwafukuza hawa? Aliwafukuza, 1972. Wakarudi miaka ya themanini, wakakuta magofu, wakaanza upya.

Mjomba alitafakari hayo muda mrefu. "Sisi," akasema mwishowe, "hata Amin hatukuletewa. Tulijitosheleza." Daraja jipya la Nile pale Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, ambalo abiria wote waliinuka kulitazama, hakuliona. Alikuwa akimweleza yule mzee jinsi kiwanda chetu cha Mumias kilivyoangukia mikononi mwa mrasimu mwaka 2019, na nani alikula nini. Majina aliyataja yote. Mimi siyaandiki, barua husomwa na wengi.

Kilichomrudisha duniani ni Namawojjolo. Kukhu, laiti ungeona! Ni soko la kando ya barabara, kabla ya Mukono. Basi likipunguza mwendo, vijana waliovaa makoti wanalikimbilia, kila mmoja ameinua kuku wa kuchoma kwenye kijiti, wanagombea madirisha. Mjomba amekimbiza kuku maisha yake yote. Hajawahi kukimbizwa naye. Machozi yalimlengalenga. Lakini Mjomba ni Mjomba. Akauliza kuku ni wa kienyeji? Amefugwa wapi? Alikuwa akila nini? Basi likaondoka, na yule kijana akawa anajibu maswali huku anatimka. Bei ilipatana karibu na mwisho wa soko. Firigisi haikuwemo, na suala hilo bado liko mezani.

Kampala ni vilima na foleni. Tulilala, tukala rolex, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, tukaondoka.

Katuna, mpakani mwa Rwanda, ndiko alikotutia aibu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, miaka tisa kabla yetu, na mpakani mizigo hufunguliwa. Kumbe zile njugu zilikuwa kwenye karatasi nyeusi ya plastiki ya kabla ya 2017, aliyokuwa ameificha miaka yote hiyo kama hati ya shamba. Afisa aliichukua kwa adabu nyingi. Njugu zimemalizia safari ndani ya mfuko wa koti la msiba.

Hatua chache mbele, dereva akahamia upande wa kulia wa barabara, kama sheria ya hapa inavyotaka. Mjomba alipiga ukemi uliomwamsha mtoto wa watu. Vilevile saa ya hapa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na Mjomba amekataa kurekebisha ya kwake. Hakuja huku, asema, kupunguziwa.

Kigali yenyewe ni safi hadi mtu anaona haya kupenga kamasi. Kila moto, ndivyo wanavyoziita bodaboda, ina helmeti ya abiria, na abiria ni mmoja tu. Mjomba alikwea, akanifanyia ishara nipande nyuma yake na mabegi yote mawili. Mwendeshaji akazima injini, akakunja mikono. Mjomba akamhutubia kuhusu bodaboda za Mayoni, zinazobeba mama, watoto na gunia la mahindi. Yule kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwitia mwenzake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatukuta hapa. Siku hiyo asubuhi ni umuganda: maduka yanafungwa, watu wanatoka kufanya kazi ya mtaa. Wageni hawalazimishwi. Mjomba alifika kabla ya wenyeji wote, kwa sababu ya ile saa yake, akapewa jembe, na haukupita muda akawa anawafundisha kulishika. Kazi ilipoisha walikaa mkutano, naye akasimama kuwasalimu kwa niaba ya Mayoni. Kiswahili ni lugha rasmi hapa tangu 2017, ila wachache ndio waliofuata hotuba. Waliobaki walipiga makofi alipoketi, kwa furaha iliyo wazi.

Kesho tunaelekea Rusumo, mpakani mwa Tanzania. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo Mjomba ataniamsha saa nane. Ng'ombe wake asiuzwe, hata mkipigiwa simu na mtu mwenye sauti kama yake. Na Tanzania saa ni ile ile ya kwetu. Ameshaanza kusema alijua tu, kwamba wao ndio watakaorudi kwake.

Mwana wenu,
mbeba mabegi