Namna ya Kutoa Maoni Kuhusu Riwaya Uliyosoma Likizo

Likizo ni wakati wa hatari kwa heshima ya mtu. Mwaka mzima unaweza kujitetea kwamba kazi zimekubana, husomi chochote zaidi ya barua za ofisini na meseji za luku. Lakini siku ya kurudi kazini, kwenye chai ya saa nne, lazima atokee mmoja akuulize: "Enhe, huko nyumbani ulisoma riwaya gani?" Ukijibu ovyo, umeumbuka. Mwongozo huu umeandaliwa ili kukusitiri.

1. Tenganisha kitabu ulichosoma na kitabu cha kutaja

Viwili hivi havina undugu. Ulichosoma ni kisa cha Willy Gamba cha Elvis Musiba, kilichokukeshesha chini ya chandarua, simu umeibana shingoni ikuangazie, mpaka muadhini akakujulisha kuwa kumekucha. Hiyo ni siri yako na Mola wako. Cha kutaja ni *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka 1990, kurasa zake hazifiki mia, na waliosoma mpaka leo wanabishana inasema nini, kwa hiyo hakuna wa kukusahihisha. Tamka "Kezilahabi", tikisa kichwa taratibu, kisha agiza chapati nyingine.

2. Usiseme kwamba ilikufurahisha

Starehe si maoni. Kumbuka sekondari: riwaya ilikuwa ng'ombe wa kuchinjwa, huku maudhui, kule fani, na mwenye kisu alikuwa mtahini. Hakuna aliyekuuliza kama *Takadini* ilikukosesha usingizi. Walitaka riwaya mbili, hoja tatu kwa kila moja, na mifano.

Basi usipoteze elimu hiyo. Kariri sentensi moja tu: "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuibua migogoro iliyomo katika jamii." Inafaa kwa *Kusadikika* ya Shaaban Robert, inafaa kwa *Kuli* ya Adam Shafi, na ukibanwa sana inafaa hata kwa kikao cha harusi.

Yaliyokupata wakati wa kusoma yavishe kanzu kabla ya kuyatoa nje. Kama ulicheka peke yako na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, sema ucheshi umetumika kwa ustadi. Kama *Mfadhili* ya Hussein Tuwa ilikuliza ndani ya basi hadi jirani wa kiti akakupa leso, sema mwandishi ameteka hisia za hadhira. Kama uliruka kurasa ishirini, sema visa vina mawanda mapana. Na kama *Rosa Mistika* uliisoma kwa sababu tu ulisikia kwamba iliwahi kupigwa marufuku shuleni, sema unavutiwa na uhuru wa msanii.

3. Jihadhari na shangazi

Huyu ndiye adui mkubwa wa maoni, na kila ukoo unaye. Hakusomea fasihi. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ameisoma huku anachagua mchele, kitabu amekilaza kando ya ungo, kurasa zimepata vumbi la pumba. Wewe umeshakaa vizuri mkekani, umeanza kueleza wapwa zako kuhusu Zanzibar ya wakoloni na ukombozi wa mwanamke. Yeye anakukatiza bila hata kuinua macho:

"Mwanangu, mimi huyo Denge wako simwamini. Mwanamume wa siasa hana usiku, hana mchana. Leo yupo, kesho polisi wanamsaka, na Yasmin abaki anahesabu mapaa. Rafiki ni Mwajuma. Ndugu wa damu wamemkataa binti wa watu, Mwajuma kamfungulia mlango, kala naye alicho nacho. Mngeandika kitabu cha Mwajuma, ningekinunua."

Hapo ghafla wapwa wote wanageukia kwa shangazi. Mmoja anamtetea Denge: kwani nchi ingekombolewa na nani? Mwingine anasema kosa ni la wazazi waliomwoza msichana mdogo kwa mzee Raza. Shemeji aliyekuwa amelala anaamka kuuliza Raza ni nani. Ukombozi wako wa mwanamke umebaki mkekani hauna mtu wa kuuokota.

Dawa ni moja. Subiri kelele zitulie, kohoa kidogo, useme: "Hayo aliyogusia shangazi kitaalamu yanaitwa usawiri wa wahusika." Mazungumzo yatakufa hapo hapo, nawe utakuwa umerudisha adabu.

4. Filamu ni mkombozi, lakini ina masharti

*Vuta N'kuvute* ilitoka kitabu 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa filamu. Ukiwa umetazama tu, sema: "Kitabu ni bora zaidi." Haijawahi kutokea mtu akabishiwa kwa kauli hiyo. Ukiulizwa ni bora kwa lipi, jibu "kwa undani", kisha pokea simu, hata kama haijaita.

5. Kuhusu washindi wa tuzo

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, wengi wetu tuligundua mchana ule ule kwamba tumekuwa tukimpenda miaka mingi. Endelea hivyo hivyo. Ila fahamu kwamba *Paradise* yake sasa inasomeka kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kile kisingizio cha "nangoja itafsiriwe" kimeshazikwa. Tafuta kingine, kwa mfano macho.

6. Kurasa za mwisho zikikosekana

Riwaya ya kuazima huwa imepita mikono mingi. Jalada lilikwenda na mtu, na kurasa tatu za mwisho zilifungiwa karanga. Usilalamike. Sema mwandishi ameacha mwisho wazi ili msomaji ashiriki. Tahadhari: usithubutu kusema hivyo juu ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa na kiko chake hajawahi kuwaacha watu hewani, na muuaji asipotajwa, kila mtu atajua kosa ni la muuza karanga.

7. Jipime

Mwisho wa yote, tazama matokeo. Yule shangazi, kwa maoni yake ya mkekani, alipoteza kitabu: shemeji alikichukua jioni ile ile akamjue Raza, akampa mkewe, mkewe akampa jirani, na mpaka sasa hakijarudi. Hasara tupu. Wewe ukimaliza kutoa maoni yako, hesabu ni wangapi wamekuomba uwaazime hiyo riwaya. Kama hakuna hata mmoja, pokea pongezi: umefuzu, na kitabu chako kitabaki kabatini, safi kama kilivyotoka dukani.