Siku ya 182

(Getanuwas, wilayani Hanang, Disemba, mvua zimeanza. Ng'ombe mzee anacheua chini ya mgunga. Korongo mweupe anatua kando yake.)

KORONGO: Shikamoo, Bibi.

NG'OMBE: Marahaba. Baridi ya Poland imekufukuza?

KORONGO: Mahesabu, Bibi. Mjanja halali nchi moja siku 183, asije akaitwa mkazi na kutozwa kodi. Ya 182 ikifika, naruka.

NG'OMBE: Na kile kiota juu ya nguzo ya umeme?

KORONGO: Kiota kimeingiaje hapa?

NG'OMBE: Kule hawaishii kwenye siku, wanatazama pia penye familia na riziki. Na ukijenga cha pili kwenye mgunga huu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakungoja: mwenye makazi ya kudumu, akikanyaga nchini hata siku moja mwaka huo, ni mkazi. Asiye nayo, akikaa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa miaka mitatu, naye kanaswa.

KORONGO: (anameza panzi haraka) Nani kakufundisha?

NG'OMBE: Mwenye zizi ana redio. Mimi nina muda.

KORONGO: Basi Dubai! Mshahara haukatwi kodi, na mwenye kibali cha kuishi na nyumba au kazi huko, siku 90 zinamtosha kuitwa mkazi. Oman nimeiacha. Kuanzia 2028 wanataka asilimia 5 kwa anayezidisha rial 42,000 kwa mwaka.

NG'OMBE: Wewe una rial ngapi?

KORONGO: Nina panzi.

NG'OMBE: Lala usingizi.

KORONGO: Au Zanzibar. Unanunua nyumba Fumba ya dola 100,000, unapata kibali cha kuishi, wewe na mkeo na watoto.

NG'OMBE: Huyo anaitwaje?

KORONGO: Mwekezaji.

NG'OMBE: Na anayefuata majani na ng'ombe wake hadi Singida?

KORONGO: Mhamaji. Huyo anaharibu mazingira.

NG'OMBE: Sikia, mjukuu wangu. Shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano hapa Hanang: mashamba saba, kama ekari laki moja, juu ya malisho ya Wabarabaig. Trekta zilipita hadi kwenye makaburi ya wazee. Watu wa kijiji cha Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawaangusha, na mojawapo ya sababu ni kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji. Wabarabaig, chini ya Mlima Hanang!

KORONGO: Hawakuwa na kibali cha ukazi?

NG'OMBE: Walikuwa na makaburi.

KORONGO: Hayo hayahesabiki.

PUNDA: (anapita na madumu ya maji) Na mimi ninayesafiri kila siku?

KORONGO: Wewe ni usafirishaji.

PUNDA: Haya, mwekezaji. (anaendelea zake)

NG'OMBE: Mimi nina hereni yenye namba sikioni. Nikipelekwa mnadani Katesh, ushuru. Nikisafirishwa nje ya wilaya, kibali. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimelala wapi siku ngapi.

KORONGO: Ndiyo maana nakushauri, Bibi, panga maisha yako...

NG'OMBE: Ngoja. Yule kijana wa ushuru anakuja, na ile mashine yake ya risiti.

KORONGO: Anamtafuta nani?

NG'OMBE: Kaambiwa kuna mwekezaji katua.

KORONGO: Mwambie mimi mhamaji tu!

NG'OMBE: Usimwambie hivyo. Mhamaji ndiye anayepigwa faini.