Jaribu Tena

Mama alikuja Dar kwa siku tatu akakaa wiki tatu, na Jumamosi hiyo asubuhi, hata chai haijachemka, akatangaza kwamba kesho yake lazima aondoke. Sababu ni kuku. Amewaacha kwa jirani yake kule Korogwe, na usiku alimwota jirani anakaanga mayai.

"Ile si ndoto, mwanangu," akasema. "Ile ni taarifa."

Basi alipendalo Mama linaondoka Mbezi Luis alfajiri, na viti vya Jumapili haviwahi kubaki. Miaka ya nyuma ningedandia daladala kutoka Mbagala, nikashuka, nikadandia nyingine, nikafika stendi nigombewe na wapigadebe, huyu kashika mkono huyu kashika shati, na jioni nirudi na tiketi na shati lisilo na kifungo. Lakini siku hizi mimi ni mtu wa kisasa. Kampuni ya basi ina programu yake ya simu: unaipakua, unachagua kiti, unalipa, unalala. Nikamwambia Mama asijisumbue, hilo ni jambo la dakika tano. Mama, ambaye simu yake ni kitochi, akaniuliza, "Tano za saa au tano za kwako?"

Simu yenyewe ilikuwa maiti. Mpwa wangu, kijana wa miaka 12, aliichezea usiku mzima wa Ijumaa mpaka chaji ikaisha kabisa, na asubuhi umeme hatukuwa nao. Uliporudi saa nane mchana niliichomeka, nikaiacha inywe kama saa nzima, nikaiwasha. Ikaimba kawimbo kake, kioo kikaandika 3:00. Nikatazama saa ya ukutani: tisa kamili alasiri. Nikaridhika. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumeshazoea. Simu ikisema tatu sisi tunajua tisa, hatugombani nayo.

Katikati ya kioo ukatokea pia ujumbe fulani, mrefu kidogo. Sikuusoma. Nikabonyeza "Sawa". Hiyo ndiyo tabia yangu tangu ninunue simu janja: kila kinachonitokea mbele nakiambia sawa. Nimekubali masharti mengi sana ya watu nisiowajua. Siku moja atakuja mtu mlangoni kudai figo yangu, na atakuwa na haki yake.

Nikafungua duka la programu, nikaandika jina la kampuni ya basi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kikaniambia kuna hitilafu. Chini yake kitufe: "Jaribu tena". Nikajaribu tena. Kikazunguka. Hitilafu. Nikajaribu tena kwa kidole kingine, maana huwezi kujua.

Sasa, nimeishi Dar miaka mingi, na naweza kukuhakikishia kwamba katika mji huu kuna magonjwa mawili ambayo kila mtu ni daktari wake: mafua na simu. Toka tu nje na simu mkononi huku umekunja uso. Hutatembea hatua kumi.

Daktari wa kwanza alikuwa dada wa kibanda cha miamala pale kona. Hakuuliza dalili. "Zima uwashe, kaka." Nikazima, nikawasha. Kawimbo, ujumbe mrefu, Sawa, kiduara, hitilafu. "Basi bando limekwisha," akasema, na kwa kuwa yeye ndiye anayeuza vocha, niliuona ushauri wake una mwelekeo. Lakini hata WhatsApp nayo ilikuwa imegoma, imeniwekea maandishi yake ambayo nayo niliyaambia sawa. Nikaunga bando la shilingi 2,000. Hitilafu.

Jirani yangu, ambaye hujitambulisha kama mtu wa IT kwa sababu aliwahi kuuza kompyuta, alinikuta ukutani nimeinua simu juu kama mtu anayeanika nguo. Akaniambia niwashe ile alama ya ndege nihesabu mpaka kumi, halafu niizime. Nikahesabu. Akaniambia nipande kwenye mnara wa tangi la maji, mtandao wa huku uko juu. Nikapanda. Ule mtandao kweli uko juu, vijiti vyote vilijaa. Hitilafu nayo ikapanda na mimi. Hapo jirani akaitwaa simu, akaingia kwenye mipangilio ya duka na kugundua kosa: nilikuwa nimeifungia ipakue na kusasisha programu kwa Wi-Fi peke yake. "Ndiyo maana!" akasema, akachagua mtandao wowote, wakati wowote. Haikusaidia kitu, ila tafadhali usilisahau jambo hilo, kwa sababu baadaye lilinila.

Nyumbani mpwa wangu alikuwa na maoni yake. "Mjomba, hii memori imejaa." Na kweli ilikuwa imejaa. Simu yangu ni ya GB 16, na kabla hujaweka hata picha ya kitambulisho, mfumo wenyewe umeshajitengea sehemu kubwa kama mwenye nyumba anayekupangisha chumba huku makabati yake yamo ndani. Kilichobaki kilikuwa mali ya makundi. Nipo katika kamati za harusi tano, mbili kati ya hizo wanandoa wameshapata watoto na kamati haijavunjwa. Kuna shangazi yangu ambaye hajawahi kukosa siku: ua jekundu, kikombe kinachofuka moshi, "Asubuhi njema". Nilikuta vikombe zaidi ya mia nne. Kuna video moja ya mbuzi anayecheza muziki niliyotumiwa na watu tisa tofauti, na simu ikawahifadhi mbuzi wote tisa kwa uaminifu.

Nikampa kijana kazi ya kufuta. Akajifungia nayo chumbani kwa muda wa kutosha kufuta hata historia ya nchi. Alipoirudisha, nafasi ilikuwa tele. Duka likasema hitilafu.

Kufikia hapo ilikuwa jioni. Mama alikuwa ameshafunga kikapu cha kwanza, na kila nilipopita sebuleni alikuwa akiniangalia bila kusema neno. Wenye mama wanaijua hiyo.

Nikaenda kwa fundi. Meza yake iko chini ya mwavuli, imepangwa vioo vilivyopasuka kama vigae vya bafuni. Akaishika simu kwa vidole viwili, akaigeuza, akapuliza tundu la chaji (sijui kwa nini mafundi wote hupuliza) na kunitajia ugonjwa: kashi. Yale mabaki ambayo programu hujiwekea ili ifunguke haraka kesho, wakati mwingine huchanganyikana. Akaingia kwenye mipangilio, akafuta kashi ya duka, akafuta na data yake, akazima, akawasha, ukaja ule ujumbe mrefu. Yeye ndiye aliyebonyeza Sawa safari hii, haraka kuliko mimi. Nikahisi udugu.

Hitilafu.

"Mzee wangu, tusisumbuane na duka," akasema. "Mimi ninalo faili lenyewe, nakurushia kwa Bluetooth." Simu ikatoa onyo kwamba faili hili limetoka chanzo kisichojulikana. Chanzo kilikuwa kimekaa mbele yangu kinakula muhogo. Sawa. Likaingia bila shida yoyote, maana faili la kurushiwa mkononi halihitaji kuongea na duka. Nikalifungua kwa furaha. Ilikuwa tochi. Programu ya tochi, yenye jina linalofanana na la basi kwa herufi tatu za mwanzo, na kabla ya kuwaka iliomba ruhusa ya kusoma namba zote za ndugu zangu na kujua nilipo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sikusema sawa. Nikalipa shilingi 3,000 ya uchunguzi nikarudi nyumbani.

Nilimkuta Mama kwenye kiti chake. Nikaiweka simu mezani, nikaketi, nikamwambia kwamba kesho tutaamka saa tisa usiku twende wote Mbezi tukabahatishe. Mama hakunijibu. Alikuwa ameinama juu ya simu, miwani kwenye ncha ya pua, anakisoma kioo silabi kwa silabi kama anayesoma barua ya serikali ya mtaa.

"Mwanangu, leo si Jumamosi?"

"Jumamosi, Mama."

"Mbona hii yako inasema Alhamisi?"

Nikaivuta. Alhamisi, 1 Januari. Nikaingia kwenye mipangilio, kwenye tarehe na saa, na mwaka ukanikodolea macho: 1970.

Lile jambo lina maelezo, na nilipoyajua niliona aibu zaidi. Mfumo wa simu yangu umejengwa juu ya desturi ya Unix, ambayo huhesabu muda kwa sekunde kuanzia usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Saa ya simu ikikosa umeme kabisa ikasahau kila kitu, hurudi kwenye sifuri hiyo, na sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Kwa hiyo iliamka saa tisa usiku. Ikaandika 3:00. Mimi nikaiwasha saa tisa alasiri. Simu ilipatia saa na dakika, ikakosea zaidi ya miaka 50.

Na duka lilikuwa halina kosa lolote. Kabla simu haijaongea nalo, humwomba aliye upande wa pili aonyeshe cheti cha utambulisho, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Simu huzilinganisha na kalenda yake yenyewe. Sasa wewe fikiria trafiki pale Chalinze kakusimamisha, umempa leseni iliyotolewa nusu karne mbele. Atakwambia pita, safari njema? Simu yangu ilikuwa inakataa vyeti vya kughushi kutoka siku zijazo, siku nzima, kwa uadilifu mkubwa, na ule ujumbe mrefu niliokuwa naubonyeza Sawa ulikuwa unaniambia hivyo hivyo: tarehe ya simu yako si sahihi, irekebishe.

Kwa kawaida simu hujirekebisha yenyewe kwa kuuliza mtandao. Yangu haikuuliza, kwa sababu mtu alizima ile sehemu ya kuweka saa kiotomatiki. Nikamwita mpwa wangu. Hakuhitaji kuhojiwa sana. Ana mchezo wake wa kupanga matunda. Ukishindwa mara tano roho zinaisha, unasubiri masaa zijae tena. Yeye na wenzake shuleni wamegundua kwamba ukiisogeza tarehe mbele siku moja, mchezo unadhani umesubiri. Mimi nililipa fundi 3,000 wakati mtaalamu wa saa ninamlisha nyumbani.

Mama alikuwa bado ana mwaka wake mdomoni. "Sabini," akasema taratibu. "Sabini mimi niko darasa la tano. Mwalimu ndiye Rais. Baba yako simjui."

"Yaani mimi sijazaliwa."

"Na unanitafutia tiketi."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Januari hiyo hata ujenzi wa reli ya TAZARA ulikuwa haujazinduliwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa hakijaanza kujitegemea, na ilikuwa bado miaka 38 kabla simu ya kwanza ya Android haijaingia sokoni. Lakini simu yangu iko pale, imesimama peke yake, inatafuta kiti cha dirishani kwenda Korogwe. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha saa kiotomatiki.

"Ngoja," Mama akanishika mkono. "Kabla hujairudisha, mpigie bibi yako. Muulize ile kanga yangu ya kisutu aliyomwazima wifi yake, ilirudi?"

Sina hakika kama alikuwa anatania. Nilisubiri kidogo kwa heshima, kisha nikabonyeza.

Simu ikaruka zaidi ya nusu karne kwa kufumba na kufumbua, na hapo ndipo nilipoonja dawa ya jirani. Programu 23 zilizokuwa na njaa ya kusasishwa zikagundua kwamba duka liko wazi na kwamba zimeruhusiwa mtandao wowote, wakati wowote. Zikajipanga foleni mbele yangu, kibodi, kalenda, kikokotoo ambacho sijawahi kukitumia, moja baada ya nyingine, zikinywa. Programu ya basi ilikuwa ya ishirini na nne. Ilipofika zamu yake ukaingia ujumbe wa kampuni ya simu: Ndugu mteja, bando lako limekwisha.

Nikarudi kwa dada wa kona. Hakusema kitu. Aliniuzia tu, kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Saa mbili usiku tiketi ilipatikana, kiti cha dirishani kama anavyopenda, na uthibitisho ukaingia kwa ujumbe mfupi kwenye kitochi cha Mama, ambacho tangu asubuhi hakijazimika wala kukosea siku. Akausoma mara mbili, akarudi kufunga kikapu cha pili.

Mimi nilikuwa najinyoosha kitandani niliposikia kelele sebuleni. Kumbe kule chumbani, nilipomtuma afute picha, kijana alicheza mchezo wake mpaka akamaliza roho zote, mwaka 1970. Sasa kaufungua tena, na mchezo umepiga hesabu zake ukaona mteja huyu amesubiri kwa uvumilivu zaidi ya miaka 50.

"Mjomba! Mjomba! Roho zote zimerudi!"

Mama akaacha kamba ya kikapu. "Roho za nani?" akauliza kwa hofu. "Za kuku?"