Jinsi ya Kumficha Mhusika Mpaka Dairekta Mwenyewe Asimwone

Hongera, umeamua kuandika skripti yenye mhusika wa sura mbili. Mchana anauza mitumba Karume, usiku ni bosi wa magendo anayetafutwa nchi nzima. Kisa kimeiva, prodyuza ameahidi kupiga simu, na sasa umekwama kwenye jambo moja dogo: juu ya maneno anayosema, uandike jina lipi? Fuata hatua hizi tano kwa uaminifu. Filamu haitapigwa, lakini utakuwa umefuata mwongozo.

Hatua ya 1: Sema yote mapema

Katika skripti, jina la msemaji huandikwa kwa herufi kubwa kila anapofungua kinywa. Itumie nafasi hiyo. Ukurasa wa 2 anaingia kijana mpole amebeba furushi la suruali, nawe juu ya salamu yake unaandika BOSI WA MAGENDO. Prodyuza atakushukuru kwa kumwondolea adha ya kusoma kurasa nyingine 90.

Christopher McQuarrie hakuijua mbinu hii. Alipoandika The Usual Suspects ya mwaka 1995, Verbal Kint, yule kilema mwenye maneno mengi, alimwacha aitwe Verbal, na msomaji akadanganywa sambamba na mpelelezi. Matokeo yake aliambulia Oscar tu.

Hatua ya 2: Mpe jina linalojitangaza

Mwaka 1943, watengenezaji wa Son of Dracula walimleta mgeni wa heshima aitwaye Count Alucard. Lisome jina hilo kuanzia mwisho. Mwaka 1987, katika Angel Heart, Robert De Niro alicheza tajiri mtulivu aitwaye Louis Cyphre. Litamke haraka haraka, utajua ni nani aliyemwajiri mpelelezi wa filamu hiyo.

Wewe usiachwe nyuma. Jambazi wako mwite Bwana Izabmaj. Wapo watakaokushauri kwamba jina la fumbo lazima kwanza lipite kama jina la kawaida, la mtu anayeweza kukukopesha sukari, ndipo mtazamaji alifumbue mwenyewe na kujiona mjanja. Wapuuze. Raha gani ipo kama kibanda umiza kizima hakijapiga kelele "Ndiye huyo!" dakika ya tatu?

Hatua ya 3: Kila akibadili shati, mbadilishe jina

Ukurasa wa 5 aitwe JUMA. Ukurasa wa 12 awe MTU MWENYE KOTI, wa 20 awe SAUTI, wa 31 BOSI, na wa 40 SIMBA. Uzuri wa mbinu hii utaonekana skripti ikifika kwa mtu wa ratiba, ambaye huhesabu wasanii kwa kufuata majina hayo. Atatafuta watu watano, atapanga nauli za watano na ubwabwa wa watano. Hata programu za kuandikia skripti, kama Final Draft, hukusanya orodha ya wahusika kutokana na majina uliyoyaandika, na kwa programu hao ni watu watano kabisa.

Waoga huchagua jina moja na kung'ang'ania hilo. Juma akijifanya mwingine, wao huongeza mabano tu: JUMA (KAMA BOSI). Na siri ikifichuka katikati, huweka mstari mmoja wa maelezo: kuanzia hapa, BOSI ataitwa JUMA. Hivyo wanaokoa sahani nne za ubwabwa.

Hatua ya 4: Usijiulize nani anajua

Hapa ndipo waandishi wengi hupoteza muda. Katika kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paa anampamba bwana wake fukara kwa jina la kisultani. Sisi tunajua, mkwe hajui, na utamu wote umo humo. Don ya mwaka 1978, iliyoandikwa na Salim na Javed, inakwenda njia hiyo hiyo. Amitabh Bachchan ni Don, jambazi anayekufa, kisha ni Vijay, mwimbaji wa mtaani anayefundishwa na afisa wa polisi kuingia mahali pake. Genge halijui, sisi tunajua. Afisa anapouawa, tunahema kwa sababu aliyebaki wa kumtetea Vijay hayupo. Hapo kumficha Vijay nyuma ya jina DON kungemnyima msomaji hofu aliyoilipia.

Farhan Akhtar aliporudia kisa hicho mwaka 2006, akiwa na Shah Rukh Khan, aligeuza meza: tuliyemdhania Vijay kumbe ni Don mwenyewe. Safari hii waliodanganywa ni pamoja na sisi, kwa hiyo jina la uongo lilikuwa na kazi. Kisa ni kimoja, majibu ni mawili. Yanakuchanganya? Vizuri, endelea.

Hatua ya 5: Ifiche siri hata kwa msanii

George Lucas na wenzake walifanya hivyo katika The Empire Strikes Back ya mwaka 1980. David Prowse, aliyevaa vazi la Darth Vader, alipewa maneno ya uongo. Ya kweli yaliingizwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones. Iliwezekana kwa sababu Vader ana kinyago kinachofunika mdomo. Juma wako anauza mitumba uso wazi, na msanii asiyejua kuwa yeye ndiye bosi hawezi kulificha jambo asilokuwa nalo. Usijali, utamlaumu kwamba hana kipaji.

Kwa wasio na ujasiri wa kufuata hatua hizi, njia ni fupi: mwite mhusika kwa jina ambalo mtazamaji analijua hadi dakika hiyo, libadilishe mara moja tu siri inapofichuka, na siku ya kuanza kazi wape watu wa lokesheni orodha inayosema wazi kwamba huyu na yule ni mmoja. Siri ni ya kumchezea mtazamaji. Fundi wa taa hajakukosea kitu.

Na kabla hujamtumia prodyuza skripti yako, tazama jina la faili. Kama umeliandika "Juma Ndiye Bosi, toleo la mwisho", umeshamsimulia kila kitu.